Figa la Pili

1

Asubuhi ile walipotoka kambini kipimajoto cha mlangoni kilisoma hasi hamsini na moja, na Koplo Dionis Tawete alikuwa ameshaanza uchokozi kabla hata hajafunga buti.

"Mtani," alimwambia kiongozi wao, Sajini Oresta Kikoti, mwanamke wa Kihehe, akimwonyesha kwa kidevu mbwa wa doria waliolala theluji imewafunika mpaka masikio, "wale ni askari wenzetu. Wana namba za jeshi. Nakuomba sana usinitie aibu."

"Mimi nimeshakula," Oresta akajibu. "Wasiwasi wangu ni wewe. Miezi saba hujaona panya hata mmoja. Mngoni anaishije?"

"Kwa shida, afande. Kwa shida."

Praiveti Lutengano Chengula, Mkinga wa Makete, mtu mzima wa maneno machache aliyelima viazi kabla ya kuingia jeshini, alitikisa kichwa tu. Alishawazoea. Mhehe wa Mufindi na Mngoni wa Maposeni wakikutana ndivyo walivyo, huyu akisutwa kwa kula mbwa, yule kwa kula panya. Babu zao walichinjana, wajukuu wanataniana, na mtu wa tatu kazi yake ni kusubiri wamalize.

Wala usishangae watu wa kwetu walifuata nini huko juu ya dunia. Mataifa mawili ya kaskazini yalipigana miaka minne yakigombea Uwanda wa Skarn na bahari iliyofunguka nyuma yake barafu ilipoyeyuka, na yalipochoka hakuna lililomwamini jirani yake kulinda mstari wa amani. Wakataka walinzi ambao katika ukoo wao wote hajawahi kutokea mtu aliyetamani barafu. Wakubwa wetu wakatazama ramani, wakasema wachukuliwe watu wa Nyanda za Juu, hao wamezoea baridi. Wamezoea! Baridi ya Mufindi unaota jua mpaka saa nne, halafu unavua sweta unaenda kuchuma chai. Ya Skarn ukitema mate yanafika chini yameshakuwa kokoto.

Kilichowaweka hai ni figa. Kila askari alibeba lake mgongoni, pande la betri lenye ukubwa wa mkate, na kutoka humo mishipa myembamba ya plastiki ilizunguka mwili mzima ndani ya vazi ikipitisha maji mazito ya moto, kifuani, nyongani, mpaka kwenye vidole vya miguu. Askari watatu waliunganishwa kwa kamba moja ya joto kama mbuzi wanaopelekwa mnadani, na watatu hao wakaitwa jiko. Mgawaji wa joto alikuwa mtambo ulioongea ndani ya kofia kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, Kiswahili safi kisicho na kwao, na askari waliuita Mpishi. Mtu aliruhusiwa kupunguza bomba lake la joto na kumwachia mwenzake. Kuchukua la mwenzake hakukuruhusiwa. Hilo lilihitaji ufunguo, na ufunguo ulining'inia shingoni kwa Oresta.

Kabla ya kuondoka Tawete alipiga goti akamfunga Oresta kamba za glavu ya kushoto. Ilikuwa kazi yake ya kila siku, na hakuna aliyemwamuru. Miezi minne nyuma alikuwa amejaza theluji kifuani, juu ya kile kidude kinachosikiliza moyo na kupima joto la mwili, akajilaza kimya nyuma ya ghala. Ubao wa kambini ukaandika sifuri mbele ya jina lake. Oresta alitoka mbio mikono mitupu, bila glavu, akamtikisa akimwita kwa jina lake la ubatizo, na yule mwendawazimu akafumbua jicho moja. "Jamani njooni! Mhehe analia! Nimeliona chozi kwa macho yangu!" Kambi nzima ilikufa kwa kicheko, kwa sababu kwa watani kujifanya maiti si ajabu, hata msibani mtani huingia kaburini kabla ya mwenyewe. Lakini jioni ile kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa Oresta kilikuwa cheusi, na daktari akakikata mpaka kiungo cha pili. Tawete alikuja akasimama mlangoni pa hospitali ya kambi.

"Sikiliza, Mngoni," Oresta alimwambia. "Siku nyingine nikiona sifuri yako, nitamaliza chai yangu kwanza."

"Ni haki yangu, mtani," akasema. Tangu siku hiyo akawa anafunga glavu.

2

Kazi ya siku ile ilikuwa ndogo. Mnara wa kamera katika Kituo cha Tisa ulikuwa umepofuka, na walitakiwa kupeleka jicho jipya. Gari la theluji liliwashusha kilomita sita kutoka mstarini, maana mkataba ulikataza injini yoyote kukaribia zaidi ya hapo bila saini za majeshi yote mawili. Wakaanza kutembea wakivuta mkokoteni wa hema na vifaa, polepole, mwendo wa bibi harusi. Mwenye haraka huko anatoka jasho, na jasho linaganda juu ya ngozi, na aliyelowa ameshajiua. Bunduki zao walizifuta mafuta yote, kwa sababu mafuta huganda na risasi haitoki. Kila baada ya dakika kumi walisimama wakakaguana nyuso, kutafuta lile doa jeupe linaloanza puani au shavuni bila mwenyewe kulisikia.

"Pua ipo," Tawete alikuwa akimwambia Oresta kila mara baada ya kumkagua. "Bahati mbaya."

Walifika, wakafunga jicho, wakageuka. Kilomita ya pili ya kurudi barafu ilifunguka chini ya Chengula bila kelele. Kamba ya joto ndiyo iliyomshika. Walipomvuta juu mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia usikokwenda, na figa lake lilikuwa na ufa ulioanzia juu hadi chini, linavuja maji mazito yaliyoganda kabla hayajadondoka.

Na upepo nao ukachagua saa hiyo hiyo kuamka. Weupe ukafuta ardhi na mbingu, mtu hawezi kuona mkono wake. Wakasimamisha hema, wakamfunga Chengula mguu kwa vyuma vya mkokoteni, wakamchoma sindano ya maumivu. Oresta akaita kambi.

"Gari lipo tayari," akajibiwa. "Tunasubiri saini. Upande mmoja umekubali, upande wa pili wanamtafuta mkubwa wao. Hesabuni muda wa saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja, afande? Tuna mafiga mawili."

"Nakusikia, Sajini. Tukivuka bila saini wanapiga gari, na mapatano yamekwisha. Nakusikia."

Mpishi hakungoja aulizwe. "Moto uliopo unatosha watu watatu kwa saa nane, au watu wawili kwa saa kumi na tatu," akasema ndani ya kofia zote tatu kwa pamoja, kwa sauti ile ile ya kusoma habari. "Napendekeza figa la tatu lizimwe. Kiongozi, tafadhali tumia ufunguo."

Figa la tatu ni Chengula. Alikuwa amelala chali, macho wazi, na alisikia kila neno.

"Afande," akasema, "mimi nimesikia."

"Umesikia nini? Mimi sijasikia kitu."

"Nina watoto wakubwa. Sina neno."

"Chengula, funga mdomo, unamaliza joto." Sauti ya Oresta ilikuwa kali kuliko alivyotaka.

Tawete akajikokota akaketi katikati yao. "Mkinga, usimsikilize huyo. Tangu lini mpishi akatoa figa moja jikoni? Chungu kitakaa wapi? Tulia, tutakaa hivi hivi watatu, na gari litakuja. Mhehe akizidiwa na baridi tutamfunika na mbwa."

Chengula alicheka kidogo, na muda si mrefu dawa ikamchukua usingizi. Oresta alijaribu kulipunguza bomba lake mwenyewe. Mpishi akakataa. Bomba la kiongozi limefungwa, akaeleza, kwa sababu kiongozi ndiye mwenye ufunguo na akili yake inatakiwa iwe ya moto. Basi akamwambia Mpishi aendelee kuwagawia wote watatu kwa usawa, akaomba kambi iwahimize watu wa saini, akaanza kusubiri.

Saa ya tano ya kusubiri, kwenye kioo kidogo mkononi mwake, namba ya joto la mwili wa Chengula ilikuwa imepanda kidogo. Akafurahi. Alifurahi kiasi kwamba hakujiuliza joto lile limetoka wapi. Namba ya Tawete ilikuwa thelathini na tatu. Baadaye ikawa thelathini na moja. Baadaye ishirini na tisa.

Hapo akamgeukia. Tawete alikuwa ameegemea mfuko wa vifaa, mikono kifuani.

"Koplo Tawete. Toa theluji kifuani."

Kisha ndani ya kofia ikaja sauti yake, nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka usingizini. "Aa. Umenikamata, mtani."

"Huna haya! Mtu yuko kufani hapa, wewe unacheza!"

"Nilitaka nione... kama utalia tena."

"Nitalia kwa lipi? Toa hiyo theluji."

"Naitoa. Kunywa chai yako."

Na kweli alikunywa. Hilo ndilo jambo ambalo Oresta Kikoti hatalisahau mpaka anaingia kaburini. Alichukua chupa iliyokuwa imefungwa kwapani mwake, akamimina kifuniko kimoja cha chai ya tangawizi, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akiwa na hasira na mtani wake.

3

"Figa la pili halina mapigo," Mpishi akasema. "Napendekeza figa la pili lizimwe na moto wake ugawiwe."

Oresta alitambaa. Hema lilikuwa dogo lakini alihisi amevuka uwanja. Akapeleka mkono kifuani kwa Tawete kufuta theluji, na theluji haikuwapo. Kidude kilikuwa kikavu, safi, kinamulika taa yake nyekundu. Akaufuata mkono wa Tawete mpaka kwenye bomba lake pembeni ya nyonga. Lilikuwa limefungwa hadi mwisho, limebaki tone tu la kuzuia mishipa isigande. Alikuwa amelifunga zamani, labda tangu alipomwambia Chengula mambo ya chungu, na tangu hapo karibu joto lake lote lilikuwa linapita kwenye kamba kwenda kwa mtu mwenye mguu uliovunjika.

"Wewe," Oresta akasema. "Wewe Mngoni mshenzi wewe."

Kwenye kioo, Chengula alikuwa thelathini na mbili na nusu, anashuka tena, kwa sababu figa likikosa mapigo mtambo huzuia moto wake mpaka ufunguo ugeuzwe. Kutetemeka kwake kulikuwa kumekoma, na huko kutetemeka kukikoma si nafuu, ni mwili umekata tamaa. Gari lilikuwa limepata saini, kambi ilikuwa imesema muda mfupi uliopita. Lingefika baada ya saa nne, kwa upepo ule. Figa la Tawete lilikuwa na moto uliobaki wa kutosha mtu mmoja. Tena si kwa wasaa, kwa kubana.

Sasa kuna sheria moja ya baridi, na Oresta ndiye aliyewafundisha kuruta wa kikosi sheria hiyo, akiwa amesimama mbele yao na fimbo mkononi. Mtu wa baridi usimwite maiti. Moyo uliopoa unaweza kupiga mara moja kwa dakika, tena kwa unyonge ambao mtambo hausikii. Mpashe moto kwanza. Akikataa kuamka akiwa wa moto, hapo ndipo umwite maiti. Aliwahi kuwasimulia juu ya mvuvi wa huko huko kaskazini aliyelala ndani ya barafu saa tatu akaamka kuomba supu. Kuruta walicheka. Tawete alicheka kuliko wote.

Kwa hiyo alijua. Moto ule ukirudi kwa Tawete, huenda angeamka. Ukienda kwa Chengula, Chengula angefika. Ukigawiwa nusu kwa nusu, wangezikwa wote wawili. Alimwuliza Mpishi mara mbili kama hakuna njia nyingine, na Mpishi akajibu mara mbili kwa adabu ile ile.

"Dionis," akaita. Akamtikisa. "Dionis, mimi ni Oresta." Uso wake ulikuwa na doa jeupe puani na kwenye mashavu yote mawili, madoa ambayo wangeyaona kama wangekaguana, na hawakukaguana tangu waingie hemani. "Dionis! Babu yako alikimbia! Unanisikia? Babu yako aliwaona Wahehe akaacha ngao, akaacha mke, akakimbia mpaka Songea hakugeuka nyuma!"

Hakuna Mngoni anayelinyamazia hilo. Hakuna hata mmoja, awe mgonjwa, awe kanisani. Tawete alikuwa amelijibu mara mia tangu wajuane, na kila mara kwa jibu jipya.

Upepo ulipiga turubai. Oresta akahesabu mpaka sitini, akarudia tusi lile kwa sauti ya juu zaidi, akahesabu tena. Nyuma yake Chengula alitoa pumzi ndefu iliyokwaruza.

Akauchomeka ufunguo, akageuza.

"Asante, Kiongozi," Mpishi akasema.

Joto likahama. Aliliona kwenye kioo, mstari mmoja ukipanda na mwingine ukilala. Maji mazito yaliyoachwa ndani ya mishipa ya Tawete yasingedumu, kwa dakika moja yangeganda, plastiki ingepasuka, na vazi lile lisingepashwa tena hata kwa mafiga mia. Walikuwa wamefundishwa hivyo. Ufunguo ulikuwa wa kwenda tu.

Alikuwa bado ameushika aliposikia. Ilikuja kwenye redio ya kofia, sikioni kabisa. Pumzi mbili fupi zilizotoka puani, hm-hm, za mtu aliyebana kicheko kikamponyoka.

"Dionis?"

Alikitafuta kioo. Sifuri. Alirudisha ufunguo, akageuza upande wa pili, akageuza tena mpaka chuma kikamkata kiganja ndani ya glavu. "Mishipa ya figa la pili imepasuka," Mpishi akasema. "Pole, Kiongozi." Akamvuta Tawete akamlaza juu ya mapaja yake, akamfunika kwa mwili wake wote, akamwita kwa jina lake na kwa matusi yote ya Kihehe aliyoyajua. Hakusikia tena kitu. Machozi yaliyomtoka yaliganda kwenye kope, na ilibidi ayabandue kwa kucha ili aone.

Gari lilifika baada ya saa nne na robo. Chengula alikuwa hai. Katika ripoti Oresta aliandika kila jambo kwa utaratibu wake, dakika kwa dakika, ila lile la kicheko. Daktari wa kambi alimwambia kwamba huenda ilikuwa upepo, au hewa ya mwisho ikitoka mapafuni, hutokea. Mkuu wa kikosi alimpa mkono mbele ya gwaride, akasema ameokoa jiko lake. Oresta alipiga saluti. Asubuhi iliyofuata alijaribu kufunga kamba za glavu ya kushoto kwa meno.

4

Maposeni kulikuwa na jua kali siku waliyomzika, udongo mwekundu umekauka unapukutika kwenye kingo za kaburi. Oresta alikuwa amepanga amwone mama wa marehemu faraghani kabla ya yote, amweleze. Alipofika mbele yake akapiga magoti, akasema shikamoo mama, na maneno mengine yakakataa kutoka.

"Marahaba," mama akasema. Alikuwa mwembamba, amejifunga kaniki, macho makavu ya mtu aliyelia siku nyingi. Akamtazama mkono. "Wewe ndiye Mhehe wa kidole. Alikuandika kwenye barua zake. Basi mtani umekuja, mwanangu hatazikwa kwa aibu. Nenda kafanye kazi yako."

Kazi yake. Ndugu msomaji, mtani haendi msibani kukaa kwenye mkeka. Oresta alijitanda khanga juu ya magwanda, akavaa kofia ya zamani ya Dionis aliyopewa na shangazi mtu, akapita katikati ya waombolezaji akarukia kaburini na kulala chali.

"Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele kutoka chini. "Shimo hili ni langu mpaka niletewe panya! Panya mnene, wa kukaanga!"

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa wanawake. Mjomba wa marehemu akachungulia shimoni. "Panya hatutoi, hao ni wa wenyewe. Chukua mbwa."

"Mbwa nilinyimwa na Dionis. Aliwalinda kwangu miezi saba, hakulala!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, na machozi ya kucheka yakachanganyika na yale mengine, kama inavyotakiwa. Walimvuta juu. Akaanza kumwigiza. Alitembea mwendo wake wa kutupa mabega, akawaendea wazee mmoja mmoja akiwashika kidevu na kuwakagua uso. "Pua ipo. Bahati mbaya." Walimjua mtu wao palepale. Shangazi alijitupa chini kwa kilio na kicheko pamoja.

Na hapo, katikati ya fujo ile, ulimi wa Oresta uliokuwa umefungwa mwezi mzima ukafunguka. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote.

"Mnajua ni nani aliyemuua?" akauliza. Akautoa ufunguo shingoni, akauinua juu. "Ni mimi! Mimi Oresta binti Kikoti! Nilimzima kwa ufunguo huu kama mtu anavyozima jiko!"

"Mhehe muuaji!" mtu mmoja akaitikia kwa furaha. "Tangu enzi za babu!"

"Nasema kweli! Alikuwa hai, nikachukua joto lake nikampa Mkinga! Na kabla ya hapo nilikunywa chai!"

Chai ndiyo iliyowamaliza. Wanaume waliegemeana. Kila alivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kumpenda, na hakuna mtani aliyewahi kutia fora msibani Maposeni kama yeye siku ile. Oresta akawatazama nyuso zile zilizolowa, akaona hakuna hata mmoja atakayemsadiki, leo wala kesho. Basi akawapa kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

"Na alikufa hivi," akasema. Akafumba macho, akalegeza shingo, akatoa puani pumzi mbili fupi.

Hm-hm.

Watu walicheka tena. Mama wa marehemu hakucheka. Aliinuka kwenye mkeka wake, akapita katikati ya watu, akaja mpaka mbele ya Oresta.

"Rudia."

Oresta akarudia, kwa sauti ndogo.

"Akiwa mtoto alikuwa akijifanya amelala," mama akasema, kana kwamba wapo wawili tu mahali pale. "Namulika kwa koroboi, namwita, nasema nitakuchapa, haamki. Mpaka nizime taa nigeuke kwenda zangu, ndipo anacheka hivyo. Kicheko hicho sijawahi kukiigiza mbele ya mtu. Hata baba yake hakukijua." Akamshika Oresta mkono wa kushoto, penye kidole kilichopungua. "Ulikisikia lini?"

Oresta angeweza kusema chochote. Alikuwa mtani.

"Baada ya kugeuza ufunguo, mama. Nilimwita sana kabla. Nilimtukana babu yake mara mbili. Hakuitika mpaka nilipozima."

Mama aliutazama ule ufunguo. Mjomba mtu akauliza kuna nini.

"Na wewe ulilia?" mama akauliza.

"Yaliganda, mama. Hayakushuka."

"Basi lia sasa," mama akasema. "Lia. Ndicho kitu alichokuwa anakitaka kwako."

Oresta akakaa chini kwenye udongo ule mwekundu, kofia ya Dionis kichwani, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, kwa chai na kwa glavu na kwa zile pumzi mbili. Mama alikuwa bado amemshika mkono. Alikuwa amemkaza sana, vidole vyake vimeingia kwenye nyama, na Oresta hakujua kama ameshikwa kama mtoto anayebembelezwa au kama mwizi aliyekamatwa.

Waombolezaji wakatazamana kwa dakika moja. Halafu kijana mmoja upande wa jeneza akapiga makofi, akapaza sauti mpaka nyumba ya pili.

"Jamani njooni muone! Mhehe analia!"

Na msiba mzima ukaangua kicheko.